Mwandishi akiingia Second Life kwa avatari ya siri, nini hasa kinalinda faragha ya waliomo?

KaziYaPwani ameuliza:

Heshima kwenu wakuu.

Naandaa mwongozo mfupi wa kutumiwa na pande mbili ambazo kwa kawaida haziivi chungu kimoja: wasimamizi wa jamii za kwenye ulimwengu wa mtandaoni, na waandishi wa habari wanaotaka kuzichunguza jamii hizo. Mfano nimeuchukua Second Life, ulimwengu wa mtandaoni wa kampuni ya Linden Lab ambamo kila mtumiaji, anayeitwa mkazi, hutembea kwa avatari, yaani umbo lake la kidijitali, kwa sababu tangu ifunguliwe 2003 imepita karibu kila msukosuko wa aina hii, na kanuni zake zimeandikwa.

Nimekwama mahali patatu. Kwanza, zile taarifa za televisheni za 2007, Ujerumani na Uingereza: zilifichua nini hasa, na nini kilibadilika baadaye? Kila anayezisimulia anachanganya picha halisi, avatari wenye umbo la mtoto na kamari kana kwamba ni kesi moja. Pili, kanuni ya Linden Lab inayokataza kutoa habari za mkazi mwingine inamfunga mwandishi au haimfungi? Tatu, mwenye kiwanja afunge nini, wapi, na kipi hakifungiki hata afanye nini?

Naomba majibu ya vitendo. Hotuba za "mitandao inaharibu watoto" na "waandishi ni wambeya" ninazo za kutosha.

---

RamaniMfukoni amejibu:

Nianze na la kwanza.

Mei 2007 kipindi cha Report Mainz cha ARD, televisheni ya umma ya Ujerumani, kilirusha uchunguzi uliobeba mambo mawili ndani ya mfuko mmoja. La kwanza ni watu waliokuwa wakitafuta na kubadilishana picha za unyanyasaji wa watoto halisi, wakiitumia Second Life kama mahali pa kukutania. Hiyo ni jinai popote na haina mjadala. La pili ni avatari mmoja mwenye umbo la mtoto akiwa na avatari mwenye umbo la mtu mzima katika tendo la ngono. ARD iliwapa Linden Lab picha hizo, kampuni ikafuatilia akaunti, kisha ikatangaza kwamba walioziendesha ni mwanamume wa miaka 54 na mwanamke wa miaka 27. Wote wawili walifungiwa mara moja. Kwa hiyo katika tukio hilo la pili mtoto hakuwepo. Kisheria bado lilikuwa zito kwa Ujerumani, ambako hata taswira za kubuni zinaweza kuadhibiwa. Marekani, Mahakama ya Juu ilikuwa imetenganisha za kubuni na za watoto halisi tangu 2002. Kampuni ya San Francisco ikajikuta na mtambo mmoja unaotazamwa na sheria mbili.

Oktoba mwaka huohuo Sky News ya Uingereza ikarusha uchunguzi wake kuhusu eneo lililoitwa Wonderland, lenye mandhari ya uwanja wa watoto. Novemba 2007 Linden Lab ikaandika waziwazi kwamba maigizo ya ngono yanayohusisha avatari wa umbo la kitoto ni marufuku, hata kama wanaoigiza ni watu wazima.

Kamari ni habari nyingine kabisa. Ilipigwa marufuku Julai 2007 kwa sababu ya sheria za Marekani za malipo na ubashiri. Anayeiunganisha na taarifa ya ARD amekosea, ingawa magazeti ya wakati ule yaliziweka kwenye aya moja ili "ulimwengu wa dhambi" ukolee.

Jambo ambalo mwongozo wako usiliache ni matokeo yake kwa faragha. Mei hiyohiyo Linden Lab ilitangaza uhakiki wa umri na utambulisho kupitia mfumo wa Integrity wa kampuni ya Aristotle. Mkazi aliyetaka kuingia maeneo ya watu wazima alitakiwa kutoa jina halisi, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho: Mmarekani tarakimu nne za mwisho za namba yake ya hifadhi ya jamii, wengine pasipoti au kitambulisho cha taifa. Watu walishtuka, na walikuwa na sababu. Septemba 2006, miezi minane tu nyuma, kanzidata ya Second Life ilikuwa imevunjwa. Majina na anwani za wateja zilikuwa humo bila kusimbwa, na nywila za akaunti zote, takriban 650,000, ikabidi zibatilishwe.

Mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro ya msingi. Ulikagua kama taarifa zilizoandikwa zipo kwenye kumbukumbu fulani. Haukukagua kama anayeziandika ndiye mwenyewe. Kijana anayejua namba ya pasipoti ya baba yake anapita, na mtu mzima wa nchi ambayo kumbukumbu zake hazimo anakataliwa na pasipoti halali mkononi. Watoto hawakulindwa kwa kiwango kilichoahidiwa, ila vitambulisho vilikusanywa.

Na tukumbuke: wakati huo wa miaka 13 hadi 17 walikuwa na ulimwengu wao tofauti, Teen Second Life, uliofunguliwa 2005 na kufungwa mwishoni mwa 2010. Ulimwengu mkuu ulikuwa wa miaka 18 na kuendelea. Mwandishi anayeona avatari mfupi mwenye begi la shule na kuandika "mtoto" amekosea kanuni ya kwanza ya mahali anapoandikia.

---

MlindaLango amejibu:

Mimi nachukua la tatu. Nitaita "kiwanja" kile kipande cha ardhi unachomiliki au kukodi, na "eneo" ule mraba mzima wa mita 256 kwa 256.

Anza na umbali wa chati, yaani mazungumzo ya maandishi. Ukiandika kawaida, unasikika hadi mita 20. Ukinong'ona, mita 10. Ukipaza sauti, mita 100. Kiwanja cha mita za mraba 512 ni kama mita 16 kwa 32, kwa hiyo hata ukisimama katikati, maneno yako yanavuka uzio wa jirani. Kuta haziyazuii. Nyumba ya matofali manene ni pambo tu, chati inapita.

Ndani ya taarifa za kiwanja kuna kisanduku kinachoruhusu avatari wa viwanja vingine kuwaona na kuchati na waliomo kwako. Kimekuwepo tangu 2011. Kiondolee alama. Aliye nje hatawaona avatari wako na hatasoma chati yao, nanyi hamtamwona yeye. Kwenye sehemu ya sauti, weka sauti ya maikrofoni ibaki ndani ya kiwanja, na sauti za vitu na ishara vilevile.

Halafu ruhusa za kuingia: chagua kikundi pekee. Ukiacha wazi kwa umma, ondoa angalau wasio na taarifa za malipo kwenye akaunti. Hilo halimzuii mwandishi makini, ila linapunguza akaunti zilizofunguliwa asubuhi ya leo kwa ajili ya kuja kupiga picha mchana.

Ruhusa za kujenga na za kuingiza vitu zipe kikundi pekee, na weka vitu vya wageni virudishwe kwa wenyewe baada ya dakika chache. Tano ni sawa. Sifuri maana yake havirudishwi kamwe, na hapo ndipo wengi huteleza kwa kudhani sifuri ni "mara moja".

Ukifanya hayo umefunga kila kitu. Jumba la angani la mita 2,000 linamalizia, huko juu hakuna atakayekuona.

---

FundiSkripti amejibu:

Mkuu MlindaLango, hatua zako ni sahihi mpaka aya ya mwisho. Hiyo ikiingia kwenye mwongozo itamwumiza mtu.

Ile faragha ya kiwanja inaficha avatari na chati ya karibu tu. Nyumba, fanicha na vibao vyote vinaonekana, na kamera haihitaji avatari kusogea: unabofya kitu huku umeshika Alt, kisha unaisukuma mpaka ndani ya chumba, pazia likiwa limefungwa. Mwandishi anayetaka picha ya mandhari anaipata akiwa barabarani. Na avatari waliofichwa bado huonekana kama nukta kwenye ramani. Aliye nje anajua mpo sita, saa tano usiku, kona ya kaskazini. Kwa kichwa cha habari kinatosha.

Kuhusu jumba la angani: uzio unaomzuia asiye mwanakikundi unapanda mita 50 tu juu ya ardhi. Juu ya hapo anapita. Aliyetajwa kwa jina kwenye orodha ya waliofukuzwa ndiye anayezuiwa mpaka juu sana. Kwa hiyo kiwanja cha "kikundi pekee" chenye jumba mita 2,000 juu kina lango chini na ukumbi wazi juu. Ukitaka kufunga kweli unahitaji eneo zima, siyo kiwanja, ufunge kwenye ngazi ya eneo.

Sasa vitu vinavyosikiliza. Skripti ya mstari mmoja, `llListen(0, "", NULL_KEY, "")`, inakifanya kitu chochote kisikie chati ya kawaida ndani ya mita 20, na mistari michache zaidi inaipeleka nje kwa barua pepe au kwenye seva. Kitu chenyewe kinaweza kuwa kipande kidogo cha sentimita moja, au chungu cha maua ulichopewa zawadi na kukiweka mwenyewe. Hiki cha pili ni kibaya zaidi, kwa sababu kinasajiliwa kwa jina lako na hakirudishwi na ile mipangilio ya dakika tano. Bonyeza Ctrl+Alt+T, visivyoonekana vitang'aa rangi nyekundu. Kisha fungua orodha ya wenye vitu kwenye taarifa za kiwanja, panga kwa idadi, uanze na majina ambayo hamyajui. Kitu ulichopewa na usichoweza kukisoma skripti yake, kiweke mahali pasipo mazungumzo au kiondoe.

Hilo la pili la kiufundi ambalo watu hulisahau ni midia. Maumbo na rangi za ukutani unazipata kutoka mitambo ya Linden Lab. Muziki na video za kiwanja hazitoki huko: kompyuta yako inakwenda moja kwa moja kwenye seva aliyoiweka mwenye kiwanja, na seva inaandika anwani yako ya IP, namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti. Mwenye kiwanja akitoa kiungo tofauti kwa kila mgeni, anajua IP ipi ni ya avatari yupi. Ndivyo ilivyofanya kazi RedZone, zana iliyouzwa 2010 na mwanzoni mwa 2011 kwa jina la "usalama". Ilikusanya jozi za majina na IP kutoka viwanja vingi, kisha ikatangaza kwamba avatari fulani na fulani ni mtu mmoja. Wakazi wakapiga kelele, na 2011 Linden Lab ikaongeza kwenye kanuni kwamba kufichua akaunti mbadala ya mtu ni kosa. Zana ikaondolewa sokoni.

Tatizo la IP kwetu ni kubwa kuliko kwao. Kampuni za simu zinaweka wateja wengi sana nyuma ya anwani moja, bweni la chuo lina anwani moja, kibanda cha intaneti kina anwani moja. Kwa hesabu za RedZone, wanafunzi arobaini wasiojuana ni mtu mmoja mwenye sura arobaini. Mwandishi akiletewa "ushahidi" kwamba avatari A na B ni mtu mmoja kwa sababu ya IP, asiuchapishe.

Kinga: kwenye mipangilio, Ctrl+P, sehemu ya sauti na midia, zuia midia kujichezea yenyewe. Anayetumia Firestorm, programu nyingine ya kuingilia Second Life, awashe kichujio cha midia. Kila seva mpya itamwuliza aruhusu au akatae, na jibu linakumbukwa. Usisahau muziki. Wengi huzima video wakaacha redio ya ukumbini inaimba, na redio nayo ni seva.

---

MlindaLango amejibu:

Nimekubali, la mita 50 nililisahau. Niongeze moja basi: hakuna kati ya hayo linalogusa chati ya kikundi na ujumbe wa faragha, kwa kuwa hivyo havitegemei ardhi. Kikundi kilichoachwa "jiunge mwenyewe" kinampokea yeyote kwa kubofya mara moja, na kuanzia hapo anahifadhi kila neno kwenye kompyuta yake. Zile habari za "mwandishi wetu alipenya" mara nyingi hazina kupenya kokote. Mlango wa kikundi ulikuwa wazi, au mwanachama wa siku nyingi alitoa kumbukumbu zake. Kikulacho ki nguoni mwako.

---

Kifungu52 amejibu:

Swali la pili. Jibu fupi: kanuni inamfunga kama mkazi, haimfungi kama mwandishi.

Kanuni yenyewe inasema mkazi ana haki ya kiasi fulani cha faragha. Kutoa habari binafsi za mwenzako, kama jinsia, dini, umri, hali ya ndoa, rangi, mwelekeo wa kimapenzi au mahali anapoishi kwa kweli, zaidi ya alizoandika mwenyewe kwenye wasifu wake, ni kosa. Kusikiliza mazungumzo kwa kificho na kubandika kumbukumbu za chati bila ridhaa ni kosa vilevile. Ila mipaka yake ni Second Life na majukwaa ya kampuni. Mtu akibandika chati yako ndani ya ulimwengu kwenye kibao, ripoti na inaweza kuondolewa. Akiibandika kwenye gazeti la London, Linden Lab haina mkono mrefu kiasi hicho. Adhabu ya juu inayoweza kutoa ni kumfungia akaunti ambayo labda aliifungua kwa ajili ya habari hiyo moja.

Kuna jambo ambalo waandishi wengi hawalijui. Sera ya picha na video ya 2010 inatenganisha hivyo viwili. Picha mnato ya avatari haidai ridhaa yake. Video inadai ridhaa ya kila avatari anayetambulika, isipokuwa wanaoonekana tu ndani ya umati. Mwenye ardhi anaweza kukataza picha kwenye masharti ya kiwanja, kwa hiyo mwandishi ayasome masharti kabla ya kubonyeza chochote. Mwenye kiwanja naye asitegemee kibao cha "hapa hapapigwi picha" kilichofichwa nyuma ya mti. Aandike kwenye masharti.

Nje ya kampuni, sheria za nchi ndizo zenye nguvu. Kwa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu kitambulisho cha mtandaoni kuwa njia mojawapo ya kumtambua mtu, kwa hiyo jina la avatari linaweza kuwa taarifa binafsi pale linapoweza kumfikisha mtu kwa mwenye jina hilo. Kifungu cha 52 kinawapa waandishi nafuu pale ambapo uchapishaji una maslahi ya umma. Nafuu, siyo hati ya kupita kila mlango. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na malalamiko yanapelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukiwasilisha lalamiko, usiandike "avatari wangu amedhalilishwa" ukaishia hapo. Onyesha mnyororo: jina la avatari, wasifu uliounganisha na jina halisi, chapisho lililotumia vyote viwili, tarehe, na madhara yaliyofuata.

Njia moja nawasihi muikwepe ni hakimiliki. Desemba 2006 mfanyabiashara wa ardhi za Second Life anayefahamika kama Anshe Chung alikuwa kwenye mahojiano ya hadhara na CNET, tovuti ya habari za teknolojia, ndani ya ukumbi wa kidijitali, wasumbufu wakamwaga maumbo ya uume yanayoruka jukwaani kwa kama robo saa. Video ilipofika YouTube, kampuni yake ilidai iondolewe kwa hoja ya hakimiliki ya avatari. Iliondolewa, lakini dai lenyewe likawa habari kubwa kuliko tukio, picha zikasambaa kwa kasi zaidi, na mwishowe dai likaondolewa. Alichokuwa anakilinda ni heshima yake, na sheria ya hakimiliki haikutungwa kwa kazi hiyo.

---

KaziYaPwani ameuliza:

Asanteni sana, hii imezidi nilichotarajia. Upande wa mwandishi sasa. Akiwa na picha halali, yenye maslahi ya umma, anawafichaje wasiohusika? Naona wengi wanaweka ukungu usoni pa avatari na kudhani wamemaliza.

---

FundiSkripti amejibu:

Uso ndio kitu cha mwisho cha kufichwa. Uso wa avatari unauzwa dukani, watu elfu wana huohuo.

Kinachomtambulisha ni maandishi. Juu ya kichwa kuna jina la kuonyesha, chini yake jina la akaunti, na juu yake cheo cha kikundi. Jina la kuonyesha, lililokuja 2010, linabadilishika. Jina la akaunti ndilo la kudumu, na ndilo ambalo mhariri hulisahau kwa sababu ni dogo. Cheo cha kikundi peke yake kinaweza kumtaja mtu, kwa mfano "Katibu" kwenye kikundi chenye katibu mmoja. Juu ya skrini kuna jina la eneo na namba tatu za mahali: ukiziacha, msomaji anafika hapo ndani ya dakika mbili na kuwakuta walewale. Kona ya chini kuna chati yenye saa. Ukiwa na dirisha la marafiki wazi, umechapisha na marafiki zako mwenyewe.

Njia safi ni kuzuia badala ya kufuta. Zima vibao vya majina kwenye mipangilio, ficha menyu zote kwa Ctrl+Alt+F1, ndipo upige. Ukungu wa kompyuta juu ya maandishi mafupi hufumuliwa. Weka mstatili mweusi, usafirishe kama picha moja bapa. Faili lenye tabaka usimtumie mtu.

Halafu nukuu. Ukificha jina lakini ukanukuu sentensi nzima ya wasifu, anayeitafuta kwenye utafutaji wa ndani anampata. Fasiri maana kwa maneno yako. Hata mavazi: shati lililotengenezwa na mtu mwenyewe ni saini.

---

RamaniMfukoni amejibu:

Na mwandishi aandike mbinu yake ndani ya habari. Alijitambulisha kama nani, akaunti ilikuwa na umri gani, alikaa saa ngapi, alikwenda mwenyewe au aliitwa. Februari 2022 mtafiti wa BBC aliingia VRChat, ulimwengu mwingine wa mtandaoni, akijifanya wa miaka 13, akaonyesha kilichopatikana kwenye vyumba vilivyoachwa wazi kwa umri huo. Msomaji anaweza kuipima habari hiyo kwa sababu umri uliodaiwa na mlango uliopitiwa vimesemwa.

Linganisha na hizi habari za "tulikuta uchafu" zisizosema kwamba mwandishi aliandika neno la uchafu kwenye utafutaji, akathibitisha ana zaidi ya miaka 18, akaruhusu maudhui ya watu wazima, kisha akashangaa. Tangu 2009 maudhui hayo Second Life yalihamishiwa bara lake, Zindra, na maeneo yana madaraja matatu: ya wote, ya kati, ya watu wazima. Habari isiyotaja daraja la eneo haijasema kitu.

---

NyumbaKumi amejibu:

Wakuu, mnawaonea waandishi kidogo. Stanley Cohen alipoeleza taharuki ya kimaadili 1972, akitumia ugomvi wa vijana wa fukwe za Uingereza, hakusema kwamba ugomvi haukuwepo. Ulikuwepo. Alichoonyesha ni jinsi ulivyokuzwa na nani alinufaika na kukuzwa kwake. Kuita kila uchunguzi "taharuki" ni mbinu inayopendwa sana na kampuni.

Tazameni Habbo Hotel, jukwaa la vijana la kuchati kwa avatari. Juni 2012 mwandishi wa Channel 4 News ya Uingereza aliingia akijifanya msichana wa miaka 11, akakuta mazungumzo ya ngono kwa wingi. Kampuni ya Helsinki, Sulake, ilijitetea kwamba ina wasimamizi zaidi ya 225. Utetezi haukusaidia: wawekezaji 3i na Balderton walijitoa, maduka ya Uingereza yakaondoa kadi za zawadi, na Sulake ikazima chati yote, dunia nzima. Hapo watoto walikuwa halisi, jukwaa ni la vijana, hatari ni ileile iliyosemwa. Bila kamera ya Channel 4 ingeendelea.

---

RamaniMfukoni amejibu:

Sijapinga. Habbo na ARD ni kesi mbili tofauti, na tofauti ndiyo hiyohiyo uliyoitaja: nani alikuwa nyuma ya avatari, na jukwaa ni la nani. Ninachosema ni kutazama dawa inayofuata. Habbo walizima chati ya kila mtu, wakairudisha polepole na vichujio. Watoto walionyamazishwa ndio walioripotiwa kuwa wahanga.

Na leo dawa ni uso na kitambulisho. Roblox, jukwaa la michezo ya mtandaoni, tangu Januari 2026, inadai ukaguzi wa umri kwa anayetaka kuchati: kamera inapima uso kupitia kampuni ya Persona, au unatoa kitambulisho. Imesukumwa na kesi na habari zenye msingi, na kupima uso ni hatua mbele kuliko Integrity ya 2007, ambayo ilimwuliza mtoto namba tu. Lakini Oktoba 2025 Discord, jukwaa la kuchati, ilitangaza kwamba picha za vitambulisho za watu wapatao 70,000 zilifikiwa na wadukuzi kupitia mkandarasi wake wa huduma. Nyingi zilikuwa za waliokata rufaa kuhusu umri wao. Anayeandika "waweke uhakiki" aandike pia nani anahifadhi, kwa siku ngapi, na mkandarasi ni nani.

---

KaziYaPwani ameuliza:

Nimepata. Moja la mwisho kwa FundiSkripti: kumbukumbu za chati kwenye kompyuta za kibanda cha intaneti zinafutwaje?

---

FundiSkripti amejibu:

Ni faili za maandishi ya kawaida, hazijasimbwa, kila mazungumzo faili lake, ndani ya folda yenye jina la akaunti. Yeyote anayekaa kiti hicho baada yako anazifungua kwa Notepad.

Kabla ya kuanza kuzungumza: Ctrl+P, sehemu ya faragha, zima kuhifadhi kumbukumbu za chati na za ujumbe. Hapohapo soma njia ya folda, uifungue, ufute folda ya jina lako, umwage na pipa la taka. Ondoa alama ya kukumbuka nywila kwenye ukurasa wa kuingilia. Kumbuka kwamba kuzima hakufuti zilizokwisha kuandikwa, na kufuta hakuzimi zijazo. Kwa hiyo fanya vyote viwili, na anza na kuzima.